Mwanamke Aliyekipa Chumba Mgongo

Thirza Carslake alikuwa amesimama juu ya kiti cha kulia chakula, viatu amevivua, sindano ya kufumia sweta mkononi, anachokoa nyuma ya sanamu ya mwanamke iliyokuwa juu ya meko, wifi yake alipoingia na sinia la chai.

"Haya," wifi akasema. "Leo unamtoboa macho?"

"Ana kitu mkononi, wifi. Nimekigusa. Kina mviringo."

"Chenye mviringo ni hicho kichwa chako. Shuka. Ukivunjika kiuno nani atakubeba? Mimi?"

Thirza alishuka, si kwa kutii, ila sindano ilikuwa imenasa na aliogopa isije ikakatikia humo ndani. Aliivuta taratibu mpaka ikatoka, akainusa ncha. Vumbi, na kwa mbali sana, moshi.

Wajane na wanawali wazee wana mambo yao ya kupitishia majira ya baridi, na hawa wawili, waliobaki peke yao katika nyumba kubwa ya Wexcombe, walikuwa na mwanamke huyo wa mti. Vita vilikuwa vimeisha, sukari bado ilikuwa ya mgawo, vyumba vya juu vyote vilifungwa kwa kukosa kuni za kuvipasha moto. Walikuwa wakiishi jikoni na katika chumba cha kulia, chini ya dari la lipu lililojaa mizabibu, nguva, na tembo mmoja mwenye kwato za farasi, maana fundi aliyemfinyanga hakuwahi kumtia tembo machoni, alisimuliwa tu. Lakini tembo mtu humzoea. Mwanamke wa kwenye meko hazoeleki.

Walikuwa wanawake watano juu ya meko ile, wamechongwa kwa mti wa mwaloni uliokwisha kuwa mweusi, kila mmoja amesimama ndani ya kidaka chake, urefu wao kama wa mtoto anayeanza kutembea. Wa kwanza anapiga kinanda cha nyuzi. Wa pili anauma tunda. Wa tatu ana ua puani. Wa nne ana ndege kidoleni, ndege anamdonoa. Wa tano, aliye katikati kabisa, ameligeukia jiwe la ukuta. Kinachoonekana ni mgongo, mkanda wa gauni, na msuko mmoja mnene wa nywele unaoshuka mpaka kiunoni, umechongwa kwa uangalifu hadi unatamani kuufumua.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Kasisi Hallett alisema wale ni milango mitano ya fahamu, na kwa kuwa kusikia, kuonja, kunusa na kugusa wapo, basi huyu ni Kuona, na amegeuzwa ili kutukumbusha kwamba dhambi huingilia machoni. Marehemu Ambrose, mume wa Thirza, alikuwa akisema mchongaji aligombana na mkewe siku hiyo. Seremala Pook wa kijijini aliapa kwamba hana uso kabisa, fundi alichoka akaficha uvivu wake. Honor, wifi mtu, alisema jambo moja tu: baba yake aliwakataza wasimguse, na babu yake alimkataza baba yake, basi.

Thirza alikuwa na sababu yake ya kumtaka. Yeye alizaliwa kwa akina Luscombe, wapangaji wa shamba la chini, waliokuwa wakileta siagi Wexcombe kwa mlango wa nyuma. Akina Luscombe wote jicho la kushoto limelala nusu. Hata wakiwa wamekasirika wanaonekana kama ndio kwanza wanaamka, na kijijini watu husema Luscombe analala kwa zamu, jicho moja moja. Ambrose alipomwoa, mama mkwe alipanda kitandani akaumwa wiki nzima, na Honor alikuja harusini na gauni jeusi. Baada ya hapo ilikuwa ni kukaa mezani, mbele ya meko, huku mazungumzo yakipita juu ya kichwa chake kama sahani zinavyopita, na macho ya wakwe yakimwangalia anavyoshika uma. Katika chumba kizima hakuwapo mwingine asiyeshiriki mazungumzo isipokuwa yule aliyewapa mgongo. Thirza aliona afadhali ana mwenzake. Akaanza kumuuliza moyoni, kila mlo: wewe nawe walikufanya nini?

Mvua za mwaka ule ndizo zilizoleta jibu, au kipande chake. Maji yaliingia kwenye dohani, yakashuka nyuma ya mbao za nakshi, na kufika mwezi wa pili chumba kilinuka uyoga. Pook akaitwa. Akabonyeza ubao kwa kidole gumba, kidole kikazama.

"Bi Honor," akasema, "hizi mbao lazima zishuke. Ukuta upumue, ukauke, ndipo nizirudishe."

"Zote?"

"Zote na mabinti wake."

Honor aliweka mikono tumboni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ile pua ya akina Carslake, ndefu na yenye bonde katikati kama tandiko la farasi. "Yule wa katikati baba alisema asiguswe."

"Bi Honor, nisipomgusa mimi, kuvu watamgusa. Na kuvu hawana adabu kama mimi."

Thirza alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, maana alijijua. Angefungua mdomo angecheka kwa furaha, na wifi angekataa kwa ajili ya kicheko hicho tu.

Honor alimtazama. "Na wewe usijifanye kama hujafurahi. Hilo jicho lako moja limefunguka lote."

Siku ya kuzishusha, Kasisi Hallett alifika mapema kuliko seremala, akidai alikuwa anapita tu, ingawa barabara ya Wexcombe haipiti kwenda kokote. Pook aliwatoa wale wanne bila taabu. Kila mmoja alishikiliwa na kigingi kimoja cha mti miguuni, ukikigonga kinatoka. Aliwalaza mezani juu ya blanketi. Alipofika kwa wa tano akasimama.

"Huyu ana vigingi viwili," akasema. "Kimoja ni cha zamani kama cha wenzake. Hiki kingine kimekatwa na mtu mwingine. Tena mtu huyo hakuwa seremala, tazama alivyokichongoa, kama anamenya karoti."

"Maana yake nini?" Thirza akauliza.

"Maana yake, Bi Thirza, mimi ni mwongo. Mchongaji hakumweka hivi. Amegeuzwa."

Pook akagonga kigingi cha kwanza, akagonga cha pili, akamkumbatia yule mwanamke kama mtu anayetoa mtoto kisimani, akamvuta kwa nyuma. Kidaka kilikuwa chembamba. Bega lilikwaruza, vumbi likamwagika, ndipo akatoka. Pook akashuka ngazi, amembana kifuani, hata yeye mwenyewe hajamwona uso bado.

"Mlaze," Thirza akasema. "Mlaze jamani, mlaze!"

Akamlaza chali katikati ya wenzake.

Alikuwa na uso. Tena si ule uso wa wenzake wanne, ambao walifanana kama vikombe vya seti moja, midomo midogo, mashavu mviringo, hawana wanachofikiri. Huyu alikuwa mtu. Paji pana, kidevu kifupi, mdomo umefunguka kidogo kama anayetaka kukatiza maneno ya mwenziwe. Masizi yalikuwa yamemwingia kwenye kila kunjo. Uso huo uliwahi kukabili moshi wa chumba hiki kwa muda mrefu kabla ya kugeuzwa. Na kope la jicho lake la kushoto lilikuwa limelala nusu.

Pook alimtazama Thirza. Akatazama sanamu. Akamtazama Thirza tena, kisha akajipa kazi ya kufuta nyundo yake.

"Labda ni kasoro ya mti," Kasisi Hallett akasema.

"Kasisi," Thirza akasema, "hiyo kasoro ya mti ninayo mimi, anayo kaka yangu Eli, na marehemu baba alizikwa nayo."

Mikononi mwanamke alikuwa ameshika kioo cha mkono. Hicho ndicho cha mviringo kilichogongwa na sindano. Alikishika chini kidogo ya kifua, kimeelekea juu, kama wanavyoshika wanawake wanaojitazama kwa siri. Thirza akalowesha kona ya aproni yake kwa mate, akakifuta. Ndani ya kioo mchongaji alikuwa amechonga sura ndogo, kubwa kama kifungo cha koti. Lakini haikuwa sura ya mwanamke. Ilikuwa ya mwanamume mwenye ndevu, na pua ndefu yenye bonde katikati.

Honor aliinama mpaka pua yake mwenyewe ikakaribia kuigusa ile.

"Huyu kwenye kioo ni nani?" akauliza, ingawa alikuwa amekwisha kujua.

"Ni wewe, wifi," Thirza akasema. "Na ndevu."

Kasisi Hallett alijizuia kwa nguvu, mabega yakawa yanatikisika. Pook hakujizuia. Honor aliinuka, akatoka, akarudi na kitambaa kikubwa cha meza, kile cha Krismasi, akamfunika yule mwanamke kuanzia utosini hadi miguuni kama maiti.

"Nyumba hii," akasema, "haijawahi kuwa na Luscombe mezani kabla ya kaka yangu kupoteza akili."

"Sasa unaye ukutani," Thirza akamjibu, "tangu siku ya kwanza."

Kwa siku kadhaa walikula jikoni bila kusemeshana. Honor alikuwa akiweka sufuria chini kwa kishindo, Thirza akiweka vijiko kwa kishindo zaidi. Lakini kila Thirza alipopita chumba cha kulia alikuta kitambaa kimekaa tofauti na alivyokiacha. Alijua si panya. Mchana mmoja alirudi kutoka kwenye kuku akamkuta Honor ameinama juu ya meza, kitambaa kimefunuliwa, taa mkononi ingawa kulikuwa na mwanga wa kutosha. Alikuwa ameishusha ile picha ya ngazini, ya Sir Gawen Carslake aliyeijenga nyumba, ameiegemeza kwenye kiti, na alikuwa akitazama picha, kisha kioo, kisha picha.

"Ndiye?" Thirza akauliza toka mlangoni.

Honor hakushtuka, au hakukubali kuonekana ameshtuka. "Ndevu zimegawanyika vilevile. Na hapa kwenye nyusi. Hebu njoo, macho yangu hayaoni vizuri."

"Langu moja na yako mawili, tutafika," Thirza akasema, akaenda.

Walikaa hapo mpaka moto wa jikoni ukazimika. Walitafuta kovu, wakatafuta pete. Pete haikuwapo kidoleni mwa mwanamke, lakini gauni lilikuwa la thamani, lenye lulu shingoni. Wala si gauni la msichana wa siagi.

"Basi bwana huyu alimvisha," Thirza akasema.

"Au mchongaji alimvisha. Kuchonga lulu hakuna gharama."

"Na mkewe? Huyo Sir Gawen alikuwa na mke?"

"Wawili, mmoja baada ya mwingine. Wa pili alikuwa mkali. Katika picha yake anaonekana kama amemeza siki." Honor akakaa, akajisahau mpaka akaegemea kiti, jambo ambalo mama yake alikuwa amelikataza. "Hebu fikiria. Unaletwa kama bibi harusi, unakaa pale kwenye kiti chako, unainua kichwa, na huyo yuko mbele yako, anakutazama kila unapomeza."

"Nafikiria," Thirza akasema. "Si lazima nijikaze sana."

Honor akainuka, akasema, "Chai?" na akaenda kuipika yeye mwenyewe.

Habari kijijini haihitaji miguu, na Pook alikuwa na mdomo wa kutosha kijiji kizima. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kaka yake Thirza, Eli Luscombe, alikuja na mkewe na mashangazi wawili, wamevaa nguo za kanisani, wakaenda moja kwa moja mlango wa nyuma kama walivyozoea. Honor ndiye aliyefungua.

"Tumesikia mna ndugu yetu," Eli akasema, kofia mkononi.

Thirza alikuwa nyuma ya Honor, ana wasiwasi. Alimjua kaka yake. Hata kwenye msiba angetafuta utani.

Honor aliwatazama mmoja mmoja, macho yote yale yaliyolala nusu. "Viatu vyenu vina matope," akasema. "Zungukeni mlango wa mbele, kuna zulia la kufutia. Huku mtaniharibia jikoni."

Walizunguka. Sijui kama Eli alielewa kilichotokea, lakini mashangazi walielewa. Mmoja wao alijitengeneza kofia kabla ya kupita mlango ule, kama anaingia kupiga picha. Walipofika mezani walimzunguka mwanamke wa mwaloni, wakaanza kwa kunong'ona, kisha wakasahau kunong'ona.

"Ni shangazi Keturah mtupu!"

"Keturah alikuwa na kidevu? Huyu ni mama."

"Tazama mdomo. Anataka kusema kitu, na hamtampata wa kumnyamazisha. Luscombe huyo, acheni ubishi."

"Na huyu bwana mdogo kwenye kioo?" Eli akauliza.

Honor alikuwa anagawa skonzi na krimu nzito. "Huyo ni wetu," akasema. "Chukua nyingine, Eli, hizi hazilali."

Walipoondoka ndipo swali lililobaki likakaa mezani pamoja na makombo. Ukuta ulikuwa unakauka. Pook alitaka kujua amrudishe vipi: mgongo nje au uso nje.

"Uso," Thirza akasema. "Mtu ameadhibiwa vya kutosha. Yule mke wa siki alimgeuza, na sisi tumgeuze."

"Tunajuaje kama ni yule mke?"

"Nani mwingine?"

Honor alikuwa anakusanya makombo kwa kiganja. Siku zile zote alikuwa akimfikiria yule mwanamke kuliko alivyokubali, na sasa alisema kwa sauti ndogo, bila kumtazama Thirza. "Kile kigingi. Pook anasema kimekatwa na mtu asiyejua useremala, kisu cha kawaida, kisu cha jikoni. Bibi wa nyumba angemwamuru fundi. Angesema geuza, fundi angegeuza, na kigingi kingekuwa kizuri. Mimi nadhani alikuja mtu wa jikoni. Mtu aliyejua kutumia kisu cha siagi."

Thirza aliacha kupanga vikombe. "Unasema alijigeuza mwenyewe?"

"Watu wanakula hapa, wanacheka, wageni wanamnyooshea kidole, kila mtu kijijini anajua ni nani. Yeye analeta sahani, anajiona yuko juu ya meko amevaa lulu." Honor akamwaga makombo kwenye sahani. "Labda hakuna aliyemwadhibu. Labda alichoka kutazamwa."

Thirza hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Miaka yote aliuliza walikufanya nini, hakuwahi kuuliza wewe ulifanya nini. Alienda akasimama kando ya sanamu. Alitazama ule mdomo uliofunguka, akajaribu kuona kama ulikuwa unataka kusema niacheni au unataka kusema jambo jingine kabisa, lakini kope lile lilikuwa limelala na halikutoa siri.

"Mimi nilichoka," akasema.

"Najua," Honor akasema. Kisha akaongeza, "Ulikuwa unashika uma vibaya sana."

"Bado nashika vibaya."

"Bado. Lakini sasa hakuna wa kuona, mimi macho yangu yameharibika."

Walicheka, kwanza mmoja, kisha wote wawili, kicheko cha kukohoa, mpaka Honor akalazimika kushika meza.

Pook alipokuja kumrudisha, Thirza alimpa maagizo ambayo yalimfanya ajikune kichwa. Hakutaka gundi, wala vigingi viwili. Alitaka kimoja tu, kinene, chini ya miguu katikati, na kidaka kipanuliwe kidogo mabegani, ili mwanamke aweze kuzungushwa na mtu wa kawaida kwa mkono mmoja.

"Meko si mlango, Bi Thirza," Pook akasema. "Watu hawageuzi-geuzi mambo haya."

"Fanya anavyosema," Honor akasema kutoka dirishani.

Akafanya. Akamweka, uso ukaelekea chumbani, akashuka, akakusanya patasi zake na kwenda zake. Wanawake wawili wakabaki wamesimama kwenye zulia. Mwanga wa mchana uliingia toka bustanini ukampata shavuni. Ukiwa umesimama karibu na moto, kioo kilionyesha ukingo wake tu. Ukirudi nyuma mpaka kwenye kiti cha bwana wa nyumba, yule mwenye ndevu alikuwa anakutazama. Walijaribu mara nyingi, wakipokezana kile kiti kama wasichana.

"Sir Gawen aliketi hapa," Honor akasema. "Alimwambia mchongaji akiweke kioo hivi, ili yeye tu ajione."

"Au mchongaji alifanya hivyo ili kumcheka."

"Mh. Hilo nalo linawezekana." Honor akavuta kiti, akakaa vizuri, akakunja mikono. "Lete chai, wifi. Hili la mchongaji hatulimalizi leo."